Wale 12 waliochorwa na wale 37 ambao hawakuchorwa

Kuna picha moja ya mkuu wa Waainu, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Japani, anaitwa Ikotoi, wa kule Akkeshi kisiwani Hokkaido, nimeiangalia mara nyingi mpaka sa hivi naiona hata nikifumba macho. Ilichorwa mwaka 1790 na Kakizaki Hakyō, samurai wa ukoo wa Matsumae uliotawala kusini mwa Hokkaido, kwa rangi juu ya hariri, na wala si kubwa, kama sentimita 40 kwa 30 hivi. Ikotoi kasimama na mkuki mkononi, ndani kavaa joho la hariri ya Kichina lenye majoka, juu katupia koti jekundu la Kizungu. Ndevu zimechorwa unywele kwa unywele, unajiuliza jamaa alitumia brashi ya namna gani. Macho yake yanaonyesha weupe chini ya mboni, na nyusi zimeungana kuwa mstari mmoja mzito. Ukiikuta bila kuambiwa kitu utasema huyu ni mfalme wa mahali fulani, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kaa chini.

Hiyo ni moja kati ya picha 12 zinazoitwa kwa pamoja Ishū Retsuzō. Jina lenyewe ukilifasiri bila kulipaka asali ni wakuu wa washenzi waliopangwa safu, na hilo neno letu washenzi linakaa pale sawasawa kabisa, na linauma vilevile. Picha 11 za seti hiyo ziligundulika mwaka 1984 kwenye makumbusho ya mji wa Besançon, Ufaransa, na mwaka 2015 zikarudishwa Japani kwa muda zikaonyeshwa kwenye makumbusho ya Hokkaido, kisha zikapelekwa na sehemu nyingine. Na kila zinapojadiliwa watu wanagawanyika mafungu mawili. Kuna wanaosema hizi pamoja na michoro yote ya aina hii, ambayo Wajapani wanaiita Ainu-e, ni propaganda tu, mtawala kamchora mtawaliwa anavyotaka yeye, kwa hiyo zifungiwe kabatini na zikitolewa zitolewe kama ushahidi wa ubaya wa aliyechora. Na kuna wanaosema hapana, hiyo ni hazina, maana Waainu wenyewe kwa desturi yao hawakuwa watu wa kuchora sura za binadamu, sanaa yao ilikuwa kwenye nakshi za mbao na nguo na kwenye masimulizi ya kuimba, sasa ukizitupa hizi utawaonea wapi watu wa karne ya 18 jinsi walivyoishi.

Niseme mapema kwamba mi niko karibu zaidi na hawa wa pili, ila sababu wanazozitoa mara nyingi, za uzuri wa rangi na ndevu na majoho, hizo sizikubali. Uzuri ndio kitu ninachokiamini kidogo kuliko vyote kwenye hizi picha.

Tuanze na hoja ya wanaozikataa maana ni nzito na haiondoki kwa kuipuuza. Mwezi wa 5 mwaka 1789 Waainu wa kisiwa cha Kunashir na wa Menashi, kona ya mashariki kabisa ya Hokkaido ambayo enzi hizo iliitwa Ezo, walichoka. Ukoo wa Matsumae ulikuwa na haki ya biashara na Waainu tangu 1604, na eneo hilo walimkodisha mfanyabiashara mmoja, Hidaya Kyūbei, na watu wake wakawa wanawafanyisha Waainu kazi kwenye uvuvi kwa ujira wa dharau, vitisho kila siku, wanawake wananyanyaswa, halafu vikatokea vifo vya ghafla vilivyowafanya watu waamini wanalishwa sumu. Wakainuka, wakaua Wajapani 71. Matsumae wakatuma jeshi. Hapo ndipo wakuu kadhaa wa Waainu, akiwemo huyu Ikotoi na Tsukinoe wa Kunashir na Shonko, walipowashawishi wapiganaji wajisalimishe, na 37 kati yao wakahukumiwa kifo pale Nokkamappu, upande wa Nemuro. Walianza kuwatoa mmoja mmoja na kuwakata vichwa, na walipofika kama watano sita hivi, waliobaki kizuizini wakapiga kwa pamoja ule ukelele wa hatari ambao Waainu wanauita pewtanke, wakaanza kuvunja boma, na askari wakawamaliza humohumo ndani kwa bunduki na mikuki. Vichwa vikabebwa mpaka mji wa Matsumae, makao ya ukoo huo.

Sasa wale wakuu waliosaidia kuzima vurugu ndio Hakyō aliagizwa awachore. Kwenye maktaba ya Hakodate kuna picha mbili za mkono wake huohuo, ya Ikotoi na ya Shonko, na kichwa chake kinasema waziwazi kwamba hawa ni watu wa Ezo walio upande wetu. Hakuna kilichofichwa hapo.

Hebu tukae kidogo na hizo namba, 12 na 37, kwa sababu mi zinanisumbua kuliko kitu kingine chochote kwenye habari hii. Wale 12 tunajua rangi ya makoti yao, tunajua nani kashika upinde na nani kaja na watoto wa dubu, tunajua kwamba kati yao kuna mwanamke mmoja tu, Chikiriashikai, mama yake Ikotoi. Wale 37 tunayo majina yaliyoandikwa na makarani wa upande uliowaua, basi. Hakuna hata sura moja. Na mmoja wao ni Seppaya, ambaye baba yake ni Tsukinoe, huyuhuyu Tsukinoe aliyechorwa picha ya heshima, mmoja wa wale 12. Yani kuna mzee kwenye ile safu ambaye miezi michache nyuma mwanawe wa kumzaa aliuawa baada ya baba kusaidia kumaliza vita, na mchoraji alikuwa na brashi inayoweza kuonyesha unywele mmoja mmoja wa ndevu, lakini hilo jambo hakulipa hata mstari. Huwezi kuliona popote usoni. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na hapa ndio ninapoona msemo huo ukifanya kazi yake mbaya, maana anayetazama hizi picha leo bila kuambiwa habari ya Nokkamappu anaondoka akidhani mwaka 1790 kule Ezo mambo yalikuwa shwari na wakuu walipendeza.

(Na hapa niseme kitu kimoja kuhusu Tsukinoe, sipendi wanapomwita msaliti kirahisi. Jeshi lenye bunduki lilikuwa njiani na vijiji vilikuwa na watoto na wazee ndani yake. Mimi sijawahi kuwekwa kwenye mizani kama ile na wengi wanaomhukumu hawajawahi pia.)

Halafu kuna suala la nguo. Wachunguzi wengi wanaona yale majoho ya majoka yalikuwa ya Matsumae wenyewe, wakuu waliazimwa wavae kwa ajili ya kuonekana mbele ya bwana. Mikao ya baadhi yao imetolewa kwenye kitabu cha Kichina chenye michoro ya watakatifu wasiokufa, na si wote 12 waliofika Matsumae, maana yake kuna sura alizochora mtu ambaye hakukaa mbele yake hata siku moja. Kama kuna kilemba cha ukoka basi ni hiki. Na waliovikwa hawakuwa ndio walengwa, mlengwa alikuwa Kyoto kwa mfalme, na Edo, Tokyo ya leo, kwa shogun, yani mtawala wa kijeshi. Mwaka 1791 Hakyō alizibeba picha mpaka Kyoto na Mfalme Kōkaku akaziona. Matsumae walikuwa wameaibika, watu wao wameasi, na serikali ya shogun kule Edo inaanza kujiuliza kama ukoo huu mdogo unaweza kweli kulinda kaskazini na Warusi wanakaribia. Kwa hiyo ujumbe ni kwamba tazameni majitu ya kutisha tunayoyatawala sisi. Haikuwasaidia sana, mwaka 1799 Edo iliuchukua upande wa mashariki wa Ezo ikauendesha yenyewe.

Hayo yote nayakubali, sina ubishi nayo. Lakini sasa ona, hata joho la kuazima lina asili yake. Hariri ile ilitoka China, ikashuka bonde la mto Amur, ikavuka kisiwa cha Sakhalin, ikapita mikononi mwa Waainu walioilipia kwa ngozi za wanyama, ndipo ikafika Matsumae na kuuzwa kusini. Wajapani wenyewe waliiita Ezo-nishiki, hariri ya Ezo, kwa sababu kwao ilitokea kwa Waainu. Kwa hiyo Matsumae wakimkopesha mkuu wa Kiainu joho la majoka wanamkopesha kitu walichokipata kwake au kwa ndugu zake. Na lile koti jekundu linatokea upande wa Warusi na visiwa vya Kuril. Hakyō alitaka kuonyesha mshenzi wa ajabu na kwenye kufanya hivyo akatuachia ushahidi kwamba hawa watu walikuwa wafanyabiashara wanaofika mbali, wanaoshika mkono China kwa huku na Urusi kwa kule, wakati Mjapani wa kawaida hakuruhusiwa hata kutoka nje ya nchi yake. Kabati lingetunyima hicho.

Ila utetezi wangu mkubwa hauko kwa Hakyō hata kidogo, uko kwa mtu ambaye hasambai sana mtandaoni kwa sababu picha zake hazishtui. Anaitwa Murakami Shimanojō, alizaliwa 1760 akafa 1808, alikuwa mpimaji wa serikali ya Edo, alifika Ezo mwaka 1798 na akaanza kuchora. Mwanzoni alitoa michoro iitwayo Ezo-shima Kikan, halafu akaacha kazi nyingine kubwa haijaisha, Ezo Seikei Zusetsu, yani maelezo kwa michoro ya jinsi watu wa Ezo wanavyojipatia riziki, ikaja kumaliziwa mwaka 1823 na mwanawe wa kulea Murakami Teisuke pamoja na mwanafunzi wake Mamiya Rinzō. Humo hakuna majitu. Kuna kazi. Chukua kurasa za attus, ile nguo ya Waainu inayofumwa kwa ganda la mti: unaona ganda linavyobanduliwa kutoka kwenye mti uliosimama, linavyolowekwa majini mpaka lilainike, tabaka linavyoachanishwa na tabaka, linavyochanwa kuwa nyuzi, nyuzi zinavyounganishwa moja baada ya nyingine na kuzungushwa kuwa bonge, halafu mwanamke kakaa chini, upande mmoja wa uzi umefungwa kwenye nguzo mbali na yeye na upande mwingine umefungwa kiunoni mwake, akirudi nyuma kidogo uzi unakaza, akisogea mbele unalegea, mwili wake ndio sehemu ya kitanda cha kufumia. Mtu ambaye amewahi kukaa karibu na msukaji ukili ataelewa mara moja kwamba aliyechora hivi alikaa pale muda mrefu na kuuliza maswali, kwa sababu mambo haya hayaonekani kwa kupita njia.

Na kuna kurasa za kilimo. Hapa ndipo ninapowaomba wanaozikataa hizi picha wanisikilize vizuri. Kitabu kile kinaonyesha Waainu wakifyeka shamba, wakipanda mtama mdogo, wakivuna masuke kwa kutumia ganda la kome, wakihifadhi, wakitwanga. Hiyo ni 1823. Sasa nenda mbele mpaka 1899, serikali ya Meiji, ile iliyoshika Japani baada ya shogun kuondolewa, inapitisha sheria ya kuwalinda wenyeji wa zamani wa Hokkaido kama ilivyoitwa, na moyo wa sheria hiyo ni kwamba Waainu ni watu wa kuwinda na kuvua tu wasiojua ardhi, kwa hiyo wafundishwe kulima, kila familia itakayotaka kulima ipewe kipande cha kama hekta 5, na kisipolimwa ndani ya miaka 15 kinanyang'anywa. Wakati huo ardhi nzuri ilikuwa imeshagawiwa walowezi wa Kijapani, wao walipewa mabaki, mengine mabondeni mwa maji na mengine milimani, na mito ya samoni ambayo ndiyo ilikuwa ghala lao ilikuwa imeshapigwa marufuku kuvuliwa. Watu wengi wakashindwa kulima na ardhi ikarudi serikalini, na ikasemwa mnaona, hawa hawawezi kilimo. Miaka 76 baada ya kitabu kilichochorwa na watu wa serikali yenyewe ya Japani kuonyesha Waainu wanalima! Kulikuwa na mashamba, madogo, yanayokwenda sambamba na uwindaji na uvuvi, na michoro ipo, imepakwa rangi, ina maelezo pembeni. Anayesema tufungie kabatini Ainu-e zote anafungia na huo ushahidi humohumo, na anayefaidika na kabati hilo si Mwainu.

Najua jibu litakalokuja. Shimanojō naye alikuwa mtu wa serikali, alitumwa ili Edo ijue nchi inayotaka kuimeza, neno kikan lenyewe maana yake mambo ya ajabu ya kutazama, na mara tu Edo ilipoichukua Ezo mashariki ilianza kuwabana Waainu wakate nywele na wavae Kijapani. Kweli tupu, siikatai. Ila tuangalie tofauti ya mabwana. Matsumae kwa muda mrefu waliwazuia Waainu wasijifunze Kijapani wala kuvaa Kijapani, maana faida yao ilikuwa Mwainu abaki mgeni ili biashara ya mpakani ibaki mikononi mwao, ndio maana mchoraji wao anamzidishia Mwainu ugeni mpaka anakuwa jini. Edo yenyewe ilitaka kumgeuza Mwainu awe raia wa kawaida wa kulipa na kutii, kwa hiyo mchoraji wake anaangalia anakula nini, anafanya kazi gani, ana uwezo gani. Kila mmoja kapinda kwa upande wake, na ukishajua bwana wa mchoraji unajua pa kutilia shaka na pa kuamini. Ukizitia zote kapu moja la propaganda huwezi tena kutofautisha hilo.

Kuna wa tatu nitamgusa kidogo tu, Hirasawa Byōzan, 1822 mpaka 1876, huyu hakuwa samurai wala mpimaji, alikuwa mchoraji wa vibao vya nadhiri vya mahekalu aliyehamia Hakodate na kukaa kati ya Waainu wa Tokachi na Hidaka, baadaye wageni waliokuja bandarini wakawa wananunua kazi zake ndio maana nyingine leo ziko mpaka Omsk, Urusi. Ana picha ya zoezi la kuchanjwa Waainu dhidi ya ndui mwaka 1857. Maofisa wamekaa, daktari anachanja, Waainu wamejipanga, zawadi zimewekwa tayari. Inapendeza, serikali inaonekana mama mwema. Lakini hesabu za serikali yenyewe zinasema Waainu walikuwa 26,256 mwaka 1807 na 17,810 mwaka 1854, na ndui na surua zililetwa na hao hao waliokuja kuvua na kufanya biashara, na wanaume walichukuliwa kwenye kambi za uvuvi mbali na wake zao mwaka mzima mpaka watoto wakawa hawazaliwi. Picha ya daktari bila hizo namba ni nusu ya habari. Namba bila ile picha nazo zinabaki namba tu, huoni mtoto anayeshikwa mkono.

Na tusidanganyane kwamba utamaduni wa Waainu umeokolewa na wachoraji wa Kijapani, hapana. Attus ya Nibutani, kijiji cha Hokkaido, iliyotambuliwa rasmi na serikali mwaka 2013 kama sanaa ya asili, wanaoifuma walirithishwa na mabibi zao, mkono kwa mkono, katika miaka ambayo kujiita Mwainu kulikuwa na gharama shuleni na kazini. Michoro inasaidia pale mnyororo ulipokatika, aina ya mashua isiyochongwa tena, mpangilio wa ibada ambayo haikufanyika kwa kizazi kizima, na hapo atakayeamua mchoro umepatia au umekosea ni Mwainu mwenyewe mwenye kisu mkononi. Hiyo ndiyo namna ya kuzitumia ninayoitetea. Japani ilichukua mpaka 2019 kuandika kwenye sheria kwamba Waainu ni wenyeji wa asili, makumbusho ya taifa ya Upopoy kule Shiraoi yalifunguliwa Julai 2020, kwa hiyo sasa kuna kuta na kuna watu wa kuandika maelezo ya kwenye hizo kuta, na mi ombi langu ni dogo. Popote wale 12 wanapotundikwa, majina ya wale 37 yaandikwe pembeni, kwa herufi za ukubwa uleule, na jina la Seppaya liwekwe karibu na picha ya baba yake.

Kule Nokkamappu, tangu miaka ya 1970, Waainu wanakusanyika kila mwaka kwenye nyasi zinazotazama bahari kufanya icarpa, ibada ya kuwakumbuka waliokufa. Hawana picha ya kuweka mbele. Wanachonga inau, vile vijiti vinavyonyolewa kwa kisu mpaka nyuzi za mti zinaning'inia kama nywele zilizojikunja, wanavisimamisha ardhini na kuwamiminia marehemu kinywaji. Sehemu ya kwanza kabisa ya kile kitabu cha Shimanojō, kabla ya nguo na kabla ya mashamba, ni ya inau, aina moja baada ya nyingine, kila moja na umbo lake na jina lake la Kiainu.